Ukoko Chini ya Chokaa

Shemeji yangu ni mtu wa pua. Kitu kikinukia dawa, kwake kimeshakuwa safi; kisiponukia, hata kama kimesuguliwa mpaka kinang'aa, anakitilia shaka. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa 11, aliponiita Chanika nikaone banda lake la kuku baada ya usafi mkubwa, nililisikia kabla sijaliona. Harufu ilinipokea getini. Ukuta wa matofali ulikuwa umepigwa chokaa, mweupe pe, nguzo nazo zimepakwa hadi usawa wa kiuno, na viroba vya maranda mapya vimepangwa mlangoni vikisubiri kumwagwa.

"Unaonaje, shemeji?"

"Hapa hata mtu analala," nikamwambia, na sikuwa namtania. Nikaliegemeza ukutani tenga lake nililokuwa nimeliazima wiki mbili kabla, tukaenda kunywa chai.

Siku 3 baadaye wakaingia vifaranga 600. Hesabu ilikuwa ya Krismasi: broila ni wiki 5, wiki 6 kama chakula kimesuasua, na wateja wa sikukuu walikuwa wameshaanza kuweka oda. Kilichomponza ni hiyo hiyo hesabu. Nafasi ya vifaranga alikuwa ameshailipia, kundi la zamani limetoka ndani ya wiki moja tu, na fedha za kikoba zilikuwa zinadai marejesho.

Hilo kundi la zamani halikutoka salama. Liliugua likiwa na siku 27, akapoteza karibu robo, waliobaki akawauza haraka kwa wachuuzi wa pikipiki kwa bei ya kutupa, wengine wakiwa wameshalegea shingo. (Kumuuzia mchuuzi kuku aliyelegea ni kuulipia ugonjwa nauli ya kwenda mtaa wa pili. Lakini mwambie hilo mtu mwenye marejesho siku ya Ijumaa!) Mizoga aliitupa korongoni nyuma ya nyumba, mbwa wakafanya yao. Daktari hakuitwa. "Ni kideri tu," alisema, kama wengi wetu tunavyosema kila kuku akifa. Kwetu kuku ana ugonjwa mmoja, majina yake mawili: kideri na mdondo.

Siku ya 23, alfajiri, kijana wa banda alikuta vifaranga wamerundikana kwenye kona kama wanaosikia baridi, na hiyo ni Desemba ya Dar es Salaam. Manyoya yamesimama. Wakitembea wanayumba. Kinyesi cheupe cha majimaji kimewagandia nyuma, na wengine wanajidonoa wenyewe sehemu ile ya haja. Shemeji akatia vitamini kwenye maji, akatia na antibaiotiki ya unga aliyoshauriwa na muuza duka. Antibaiotiki inagombana na bakteria. Virusi haivihusu hata kidogo. Siku ya kwanza walikufa 9. Ya pili 41. Siku ya tatu alihesabu 88 kabla ya saa 4 asubuhi, akaacha kuhesabu, akakaa juu ya ndoo. Dada yangu ndiye aliyempigia simu daktari wa mifugo, bila kumuuliza mumewe.

Daktari alikuwa binti mdogo, huenda hajafika miaka 30, na jambo la kwanza alilofanya lilimuudhi shemeji: aligoma kuingia. Alisimama nje ya geti, akavaa gambuti alizokuja nazo kwenye mfuko wa plastiki, akazipulizia dawa yake mwenyewe, ndipo akalitazama beseni la dawa lililowekwa mlangoni pa banda. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake manyoya mawili yakielea, na kipande cha maranda.

"Hii iliwekwa lini, baba?"

"Siku waliyoingia vifaranga."

Hakusema kitu. Aliliinamisha kwa ncha ya buti, akamwaga.

Alitandika salfeti chini ya mwembe, akalaza kuku watatu waliokufa asubuhi ile, akachana ngozi ya paja la wa kwanza. Nyama ya paja la broila huwa na rangi ya waridi iliyopauka. Hii ilikuwa na mistari na madoa ya damu, kana kwamba kuna mtu aliyempiga kuku kwa fimbo nyembamba. Kisha akamgeuza, akapasua karibu na tundu la haja, akachomoa kwa vidole viwili kitu ambacho mimi, niliyekula kuku maisha yangu yote, sikuwahi kujua kwamba kuku anacho: kifuko kidogo cha mviringo, kimevimba, kimefunikwa na utando wa manjano unaotetemeka kama jeli. Alikipasua. Ndani mlikuwa na damu.

"Si kideri, baba," alisema. "Hii ni Gumboro."

Kifuko hicho kinaitwa bursa, na kimebeba jina la Fabricius, mwalimu wa anatomia wa Padua, Italia, aliyekieleza karne nne zilizopita bila kujua kina kazi gani. Hakuna aliyejua mpaka 1956, pale mtafiti kijana wa Marekani, Bruce Glick, na mwenzake Timothy Chang walipochapisha habari ya kuku walionyofolewa kifuko hicho wangali wadogo: walipochomwa vijidudu vya majaribio, wengi wao hawakutengeneza kinga. Ile herufi B madaktari wanayoitumia wakisema "seli B" za mwili, za kuku na zetu pia, ilitokana na bursa ya kuku. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalouma katika Gumboro. Virusi vyake haviendi kwenye mapafu wala kwenye ubongo. Vinakwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha askari na kukichoma moto. Kifaranga asipokufa wiki hiyo, atabaki na mwili usio na mlinzi, na chanjo ya kideri utakayompa baadaye itakuwa kama barua iliyopelekwa nyumba isiyo na mtu.

"Lakini niliwachanja!" shemeji alisema. "Siku ya 14. Kijana shahidi. Na banda nikalipiga dawa, ile kali kabisa. Si unasikia harufu?"

Binti yule akanyanyuka, akakifuta kisu chake kwa pamba yenye dawa, akaomba aoneshwe ukuta.

Alichuchumaa pale ukuta unapokutana na sakafu, akakwangua. Chokaa ikaruka kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na tabaka la kahawia, gumu, unene wa kucha. Akalimwagia maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa, akasubiri, akalisugua kwa kidole chenye glavu. Likalainika. Likatoa harufu yake, na harufu ile haikuwa ya dawa. Kilikuwa kinyesi cha kundi la Septemba, kimekaushwa, kikapakwa rangi nyeupe juu.

Akasogea kwenye nguzo. Palipochimbiwa nguzo palikuwa na ufa, akautia ncha ya kisu na kuubandua. Wakatoka mbawakawa wadogo weusi, wanang'aa, makumi kwa makumi, wakikimbia mwanga. Sote tunawajua, wanaishi kwenye maranda kila banda, na tunawaona kama chakula cha bure cha kuku. Kumbe kuku akimla mbawakawa aliyelelewa kwenye kinyesi cha kundi lililokufa, amekula na urithi wake. Huwa tunahimizana kuziba ufa tusije kujenga ukuta. Pale Chanika ukuta ulikuwepo na ulikuwa mweupe. Ufa ndio uliokuwa na wapangaji.

Mwisho akainua kinywesheo kimoja, akakipindua. Ukingoni kwa ndani, mahali ambapo mkono hauingii vizuri, pana utelezi wa kijani.

Shemeji alikuwa bado anatetea dawa. Ni ya bei. Chupa imeandikwa kwamba inaua virusi. Alizidisha hata kipimo. Hapo ndipo dada yangu, aliyekuwa amesimama muda wote na upande wa khanga mdomoni, akaongea kwa mara ya kwanza.

"Baba Fulani, mimi nikupikie ugali, sufuria ibaki na ukoko. Nisiikwangue. Niimwagie jiki, nisuuze, nikupakulie tena humo. Utakula?"

Daktari alicheka mpaka akaomba radhi. Baadaye alikiri kwamba chuoni alifundishwa jambo hilo muhula mzima, na hajawahi kusikia mtu akilimaliza kwa sufuria moja.

Maana jambo lenyewe ndilo hilo, na mengine yote ni maelezo yake. Dawa ya kuua vimelea inapokutana na uchafu, inapigana na uchafu kwanza. Klorini ndiyo mbaya zaidi kwa tabia hiyo: mwagia jiki kwenye kinyesi, nguvu yake yote inaishia kwenye kinyesi, na kirusi kilichojificha nusu milimita chini hakijui hata kama kulikuwa na vita. Mzigo mkubwa wa virusi unatolewa bandani na koleo, fagio, brashi na maji ya sabuni. Dawa inakuja kumalizia vilivyobaki. Sisi tumeipa dawa kazi ya fagio, halafu tunailaumu haikufagia.

Kulikuwa na kosa la pili, nalo linatokana na lile neno "kideri tu". Kirusi cha kideri kimevaa koti la mafuta, na cha mafua ya ndege vilevile. Sabuni yenyewe hulirarua koti hilo, na zile dawa zinazotoa povu zinavimudu vizuri. Cha Gumboro hakina koti. Kiko uchi, na kwa virusi uchi ndio ugumu. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962, kutoka mashamba ya karibu na mji mdogo wa Gumboro, Delaware, na watafiti waliokichunguza kirusi chake miaka michache baadaye walishangazwa na uhai wake: banda lililoondolewa kuku liliendelea kuambukiza kuku wapya hadi siku 122, na maji, chakula na kinyesi kutoka humo hadi siku 52. Joto la nyuzi 56 kilistahimili kwa saa 5. Dawa aliyoinunua shemeji ilikuwa ya povu. Kwa kideri ingemfaa. Kwa Gumboro alihitaji ya jamii ya glutaraldehaidi, au ayodini, au zile za unga za oksijeni zinazokorogwa siku hiyo hiyo, au hata klorini yenyewe, mradi ukuta umeshaoshwa.

Alipouliza habari ya formalini, aliyosikia kwamba inaua kila kitu, daktari alikunja uso. Inaua, ndiyo. Inachoma pia macho na koo la anayeipuliza, na imo katika orodha ya vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kijana wa banda hana hata barakoa, alisema, na wewe unataka umpe formalini?

Hesabu ya maji nayo ilimkamata. Dawa hufanya kazi ikiwa imelowa. Nyingi zinataka ukuta ubaki na unyevu dakika 10, nyingine 30, chupa imeandika. Kwa kawaida unakisia mililita 300 kwa kila mita ya mraba. Banda la kuku 600, sakafu na kuta na nguzo na upande wa ndani wa mapazia, halipungui mita 150 za mraba. Hiyo ni lita 45, yaani bomba la mgongoni la lita 16 mara tatu. Shemeji alijaza bomba moja, akazidisha dawa ndani yake, akapulizia saa 7 mchana chini ya bati. Kufika mwisho wa banda, mwanzo ulishakauka. Alichopata kwa fedha zake ni harufu.

Kuhusu chanjo, alichofanya hakikuwa kosa, na hili daktari alilisema kwa upole. Kifaranga wa mama aliyechanjwa anatotolewa akiwa na kinga ya kuazima, na kinga hiyo inapungua siku hadi siku. Ikiwa bado na nguvu, inaiua chanjo. Ikiisha, kifaranga yuko wazi. Katikati pana pengo la siku chache, na hesabu ya siku ya 14, kisha kurudia siku ya 28, ni jaribio la kulipiga pengo hilo. Banda likiwa safi, virusi ni vichache, chanjo inawahi. Banda likiwa na ukoko, virusi vinawahi. Vilikuwa vinasubiri pale chini ya chokaa tangu siku ya kwanza, havikuhitaji kusafiri.

Walikufa 231 kwa siku 6, kisha vifo vikakoma ghafla kama vilivyoanza, maana Gumboro haina kawaida ya kukaa. Waliobaki walidumaa. Krismasi ilikuja, wateja wakanunua kwingine.

Usafi uliofuata niliuona kwa macho, na nilifanya kazi humo Jumamosi mbili. Maranda yote yalitolewa kwa koleo, yakatiwa kwenye viroba, yakafukiwa mbali. Hayakuuzwa kwa wenye bustani, ingawa mnunuzi alikuwa getini na fedha mkononi. Mizoga ilizikwa kwenye shimo refu na chokaa juu yake, maana hapo ndipo chokaa ilipokuwa na kazi. Mbawakawa walipuliziwa siku ile ile banda lilipotoka kuku, lingali na joto. Ukichelewa wanaingia ukutani, huwapati tena. Balbu zilifunguliwa. Mapazia ya salfeti yalishushwa yakalowekwa. Kisha tukamwagia ukuta na sakafu maji ya sabuni, tukaondoka, tukaacha ukoko ulainike usiku kucha kama unavyofanya kwa sufuria. Wazo hilo lilikuwa la dada. Asubuhi tukasugua kutoka juu kwenda chini, paa kwanza, sakafu mwisho, kwa brashi za kufulia. Mgongo uliniuma siku nne. Shemeji alisugua kona ile ya vifaranga peke yake, hakutaka msaada.

Tulisuuza, tukaacha likauke kabisa, kwa sababu sakafu yenye vidimbwi inaizimua dawa chini ya kipimo chake. Nyufa zilizibwa kwa saruji. Daktari alikuja na kitambaa cheupe cha pamba, akakipitisha ukutani, kwenye bomba la maji, juu ya boriti, akakiangalia. Boriti ilirudiwa. Ndipo dawa ikapigwa, saa 12 jioni jua likiwa limepoa, mabomba matatu, na shemeji akisimama na simu kuhesabu dakika. Halafu banda likafungwa na kuachwa tupu. Wiki 3. Hilo ndilo lililomgharimu kuliko brashi na dawa, kukaa akilitazama banda tupu huku kikoba kinapiga simu.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa wakati wote huo. Jumamosi ya pili, tukikusanya takataka za kuchoma, dada yangu alilikuta tenga. Lilikuwa pale pale nilipoliegemeza mwezi wa 11, nyuma ya mlango sasa, fito zake zimegandwa na manyoya meupe na kinyesi kikavu. Broila wa shemeji walikuwa weupe. Lakini kulikuwa na manyoya mengine pia, mekundu na meusi, ya kuku wa sokoni, ambako mimi nilikuwa nimelipeleka kuuzia majogoo wangu na kulirudisha bila hata kulipiga maji.

Dada alilitazama, akanitazama. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua sasa: huenda ilikuwa ukuta, huenda ilikuwa tenga, huenda vyote. Shemeji hakusema lolote, na afadhali angesema.

Kundi lililofuata liliingia mwezi wa pili. Nilikwenda kuwaona walipofika siku ya 30, wote wazima, sauti yao inasikika barabarani. Harufu ya dawa haikuwepo. Getini palikuwa na beseni, maji yake safi unaona hadi chini, jozi mbili za gambuti zimepinduliwa kwenye miti, na ndoo ya sabuni. Dada yangu alitoka, akasimama upande wake wa geti bila kulifungua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepita wapi kabla ya kuja hapa, kaka?"

Ningeweza kusema nimetoka nyumbani.

"Sokoni," nikamwambia.

Akaingia ndani. Nilimsikia akivuta kitu sakafuni, kisha akarudi na kigoda, akakipitisha juu ya geti, na baada yake kikombe cha chai, na kitumbua juu ya kisosi.

"Kaa hapo hapo kivulini," alisema. "Kuku utawasikia."